Kibarua wa Miezi Mitano Naye Ana Likizo

Wazee wangu wa Mbuchi, Msala, Kiongoroni, Maparoni na Salale, shikamooni. Nanyi vijana wa delta ya Mto Rufiji mlioko Mbagala, Temeke na Kariakoo, mnaotusikiliza kwa simu baada ya kutoka kibaruani, poleni na kazi.

Leo tuzungumze likizo. Si likizo ya wanafunzi, la. Nazungumzia likizo ya mtu aliyeajiriwa: ile ya mwaka, na ile ya mgonjwa ambayo makazini tumezoea kuiita ED. Nianze na swali. Wewe unayenisikiliza, kama unafanya kazi kwa mtu, ni lini mara ya mwisho ulikaa nyumbani umepumzika na mshahara wako ukaingia kama kawaida? Wengine mtanijibu, mwaka jana. Walimu na wauguzi mtasema likizo tunakwenda, ila fedha ya nauli ndiyo tunaisubiri mpaka tunachoka. Lakini najua wapo wengi watakaocheka tu. Watasema, ndugu mtangazaji, likizo ni ya waajiriwa, mimi ni kibarua.

Basi hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kauli hiyo ya "mimi ni kibarua tu" imewapotezea watu wetu mapumziko na fedha kuliko kifungu chochote kibaya cha sheria.

Tuanze na sheria yenyewe inasemaje. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, imetungwa mwaka 2004, ikaanza kutumika Desemba 2006. Kwa likizo ya mwaka inasema mfanyakazi apewe siku zisizopungua 28 mfululizo, kwa malipo. Jumapili imo humo humo, na Idi ikiangukia katikati ya likizo yako haikuongezei kitu. Na fedha yake unapewa kabla hujaondoka. Narudia, maana hili wengi hawalijui: malipo ya likizo hutolewa kabla likizo haijaanza. Ukiambiwa nenda, utalipwa ukirudi, hiyo si sheria, hiyo ni mazoea ya ofisi yenu.

Na mgonjwa je? Mgonjwa ana siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, mgonjwa ana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Kwa hiyo anayeniambia kwamba shida yetu ni siku kuwa chache, mimi simuungi mkono. Siku zipo. Shida yetu iko mlangoni: nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi, na nani anabaki nje akichungulia.

Tumchukue kijana mmoja, tumwite Saidi. Ni wa mfano tu, lakini akina Saidi mnao wengi. Saidi ametoka Mbuchi baada ya mavuno ya mpunga, amekwenda Dar es Salaam, amepata kazi ya kupakia na kupakua ghalani. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka jioni, siku sita kwa wiki. Mwezi wa tano ukiisha, msimamizi anawaita vijana wote: jamani, pumzikeni kidogo, tutawapigia simu. Wiki mbili zinapita, simu inapigwa, Saidi anarudi pale pale, kwa msimamizi yule yule, kubeba magunia yale yale. Anapiga miezi mingine mitano. Siku moja anaomba likizo. Anajibiwa: likizo ni kwa aliyefikisha miezi sita, wewe una mitano tu.

Je, msimamizi amesema kweli? Amesema nusu. Ni kweli kifungu cha 29 kinaanza kwa kusema mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini kifungu hakiishii hapo, na msimamizi hakuisoma nusu ya pili, au ameisoma akaimeza. Nusu ya pili inasema hivi: mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, tunajumlisha. Jumla ikizidi miezi sita katika mwaka huo, ana haki ya likizo kama wenzake. Mitano na mitano ni kumi. Saidi ana likizo. Na wafanyakazi wa msimu nao wametajwa humo kwamba wanastahili, ninyi mnaochukuliwa msimu wa korosho ukifika na kuachwa ukiisha.

Na kama kazi yenyewe imekwisha na hurudi tena? Sheria inasema siku za likizo ulizozichuma zigeuzwe fedha, kwa hesabu ya siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Umefanya siku 260? Unadai malipo ya siku 20. Wangapi kati yetu tumeondoka kazini na bahasha ya mshahara wa mwisho, tukashukuru, na hizo siku 20 tukaziacha juu ya meza?

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi sheria haina tundu. Tundu lipo, na waajiri wajanja wamelipata. Sheria inasema "mwajiri mmoja". Basi leo Saidi anaandikishwa na wakala wa vibarua huyu, baada ya miezi mitano anaandikishwa na wakala mwingine. Ghala ni lile lile, msimamizi ni yule yule, ila jina juu ya karatasi limebadilika. Hesabu inaanza upya kila mara. Mtu anaweza kubeba magunia mahali pamoja miaka minne, na kwenye makaratasi hajawahi kufikisha miezi sita. Hapa ndipo ningependa Bunge liguse. Siku zihesabiwe kwa kazi na mahali pa kazi, jina la wakala lisiwe kisu cha kukatia miezi ya watu.

Mtaniuliza, Saidi atathibitishaje hayo yote wakati mkataba hana? Swali zuri. Kwanza jueni kwamba mwajiri ndiye anayetakiwa na sheria kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi tangu anapoanza: ameanza lini, kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Asiyehusika ni yule anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Na shauri likifika mezani, mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye mwenyewe. Kifungu cha 15. Mimi nakipenda sana kifungu hiki, maana kimemgeuzia kibao mwenye kujificha nyuma ya kukosekana kwa karatasi.

Haya, turudi huku kwetu kwenye maji. Najua kuna mtu hapo Mbuchi anasema, wewe unazungumza maghala ya Dar es Salaam, sisi wavuvi tunahusikaje?

Mnahusika, na jambo lenu ni gumu kuliko la Saidi. Tazameni. Chombo ni cha tajiri. Jarife ni la tajiri. Mashine ni ya tajiri, na mafuta ametoa yeye. Vijana wanapanda na nahodha, wanakwenda kutafuta samaki au kamba. Wakirudi, yanatolewa mafuta, unatolewa ujira wa chombo na wa nyavu, kinachobaki ndicho mabaharia wanagawana. Huo ndio mgao. Bahari ikikataa, mgao hakuna. Na kijana akishikwa na homa, akashindwa kupanda wiki mbili, nani anamlipa? Hakuna. Mwenzake anachukua nafasi yake, na akipona huenda nafasi haipo.

Ukimuuliza tajiri atakwambia, hawa si wafanyakazi wangu, hawa ni wabia, tunagawana. Inawezekana. Wapo wanaogawana kweli, mtumbwi wa familia, mtu na nduguze, hao hatuwagusi. Lakini kuna sheria nyingine, pacha wa hii, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja katika kadhaa yaliyoorodheshwa. Je, anaamriwa namna ya kufanya kazi? Saa zake zinapangwa na mwingine? Amepewa vifaa na huyo mwingine? Anamtegemea huyo kwa riziki yake? Anamfanyia mtu huyo peke yake? Hata jambo moja tu! Sasa baharia ambaye chombo si chake, nyavu si zake, saa ya kutoka anaambiwa, na samaki haruhusiwi kumuuzia mwingine ila tajiri yule yule, huyo ana mangapi kati ya hayo?

Lakini tuwe wakweli. Kumwambia kijana mmoja wa Mbuchi amshitaki tajiri anayemkopesha hata unga wa watoto ni kumwambia ahame kijiji. Haki inayodaiwa na mtu mmoja mmoja mbele ya mtu anayemtegemea haitembei. Kwa hiyo dawa ni kutoka juu. Sheria ya Ajira tayari inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba kundi fulani la watu lihesabiwe kuwa wafanyakazi, baada ya kushauriana na Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii. Haihitaji Bunge likae. Mimi naona mabaharia wa mgao wanaofanyia vyombo vya matajiri wangestahili kutangazwa hivyo, angalau kwa likizo ya ugonjwa na ya msiba, na malipo yakadiriwe kwa wastani wa mgao wa miezi iliyopita. Hesabu hiyo inawezekana. Nahodha na tajiri wana daftari la mgao, na deni la mafuta halisahauliki humo hata senti.

Niseme kidogo kando. Wazee mtakumbuka delta yetu ilivyotakiwa kwa mradi mkubwa wa kufuga kamba miaka ya 1990. Serikali iliukubali mwaka 1997, wanakijiji wakaenda mahakamani, na mradi haukusimama. Siku zote ikija ahadi ya ajira tunauliza, ajira ngapi? Ipo haja ya kuuliza pia, ajira ya namna gani, na mtu akiugua itakuwaje. Swali hilo liwe la kwanza kwenye mkutano wa kijiji atakapokuja mwekezaji mwingine, wa kaa, wa kamba au wa hewa ukaa ya mikoko.

Tukirudi kwa ED. Sheria inataka nini ili mgonjwa alipwe? Inataka cheti cha tabibu. Mwajiri halazimiki kumlipa mgonjwa asiye na cheti, na hilo ni haki, maana wapo wanaougua kila Jumatatu. Lakini cheti cha nani? Sheria inasema cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtoa tiba mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri hatakiwi kumkataa bila sababu ya maana. Mmesikia hayo maneno ya mwisho? Bila sababu ya maana.

Sasa mtu wa delta amekwenda nyumbani, amepatwa na malaria huko huko. Anakwenda zahanati ya kijiji. Anapimwa, anapewa dawa mseto, na anaandikiwa siku tano za kupumzika na mganga wa zahanati, kwa peni, kwenye kikaratasi chenye muhuri. Anarudi kazini mjini. Afisa utumishi anakishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole, anauliza, hii ndiyo hospitali gani? Siku tano zinakatwa kwenye mshahara.

Hiyo ni sababu ya maana? Si ya maana. Ile zahanati imefunguliwa na serikali, mganga wake ameajiriwa na serikali, dawa zake zinatoka serikalini. Mgonjwa mwenye homa asitakiwe apande mtumbwi, asubiri maji yajae, atafute gari mpaka Kibiti au Mchukwi, ili tu apate karatasi yenye nembo kubwa zaidi. Marekebisho hapa ni madogo, ni ya mstari mmoja: cheti cha zahanati ya serikali kipokelewe popote nchini. Mpaka siku hiyo ifike, omba karatasi yako iwe na jina la kituo, tarehe, jina la aliyekutibu na muhuri, na ukiweza ipige picha kwa simu kabla hujaikabidhi.

Jambo la msiba sasa, na hili naomba tulisikilize kwa utulivu. Sheria inampa mfanyakazi siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifariki mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Vizuri. Lakini siku hizo 4 ni za mzunguko mzima, na mzunguko wa likizo hizi ni miezi 36. Ukifiwa na baba mwaka huu ukazitumia zote, kisha mama akamfuata mwaka ujao, siku za malipo huna. Unaweza kuongezewa na mwajiri, lakini bila malipo. Siku 4, miaka mitatu, hata vifo viwe vingapi.

Halafu tazama waliotajwa. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mkwe hayumo. Mama mdogo aliyekulea hayumo. Mzazi akiugua tu, hajafariki, sheria haikupi kitu, mpaka afe. Nani kwetu pwani anaweza kukaa kazini wakati mama yake mzazi anapelekwa hospitali kwa mtumbwi usiku? Na mafuriko nayo hayamo. Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mto ulipofurika na maji yakaingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, kijana aliyetaka kwenda kuwatoa wazee wake ilibidi aombe hisani ya bosi.

Zifikirie siku 4 kwa mtu wa Mbuchi. Simu inaingia mchana Dar es Salaam. Kwetu maiti hailazwi, kesho yake ni maziko. Siku moja imekwenda njiani, kwa gari na kwa maji. Siku ya pili maziko. Khitma ya siku tatu inakukuta unapanga safari ya kurudi. Kwa anayeishi Mbagala na kuzika Mbagala, siku 4 zinatosha. Kwa mtu wa delta hazitoshi, na daraja tulilojengewa Mbuchi, ingawa tunalishukuru, halijazuia masika kuharibu barabara.

Na sheria si msahafu, hubadilishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa muda wa likizo ya uzazi. Wapo waliolipigia kelele jambo hilo mpaka likasikika. Siku za msiba nazo zinaweza kusikika. Ombi langu ni dogo: zihesabiwe kwa kila tukio, si kwa miaka mitatu, na ugonjwa wa mzazi uingizwe.

Nisije nikaonekana nimewasahau waajiri. Mama mwenye duka moja Kibiti na binti mmoja wa kumsaidia, sheria inamtaka amlipe binti huyo mshahara kamili kwa siku 63 akiugua, sawa na inavyomtaka mwenye kiwanda cha watu elfu. Haiwezekani, na kwa kuwa haiwezekani, mama anamfukuza binti au anamwandika kwamba ni ndugu yake. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, waajiri wote wanachangia na mfuko unabeba. Kwa nini ugonjwa wa kawaida ubebwe na mwajiri peke yake? Mfuko wa namna ile ungewaokoa mama wa duka na binti yule kwa pamoja.

Sasa ukinyimwa, unakwenda wapi? Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza fomu namba moja, wewe mwenyewe, bila wakili. Kwa madai ya likizo una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukiachishwa kazi na unapinga kuachishwa kwenyewe, una siku 30 tu. Nasisitiza, 60 kwa likizo, 30 kwa kuachishwa. Ukichelewa, itabidi uombe ruhusa na utoe sababu.

Ila kwa mkoa wetu wa Pwani, Tume iko Kibaha. Mtu wa Mbuchi atoke kwenye maji, aje Kibiti, apande gari mpaka Mbagala, avuke Dar es Salaam, ashike njia ya Morogoro, ndipo afike kudai malipo ya siku 20. Nauli na malazi vitakula nusu ya dai, na shauri likiahirishwa vitakula lililobaki. Ndiyo maana watu wanasamehe, na mwajiri anajua kwamba watasamehe. Kwa hiyo naiomba Tume, pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, wapange siku za kusikiliza mashauri hapo Kibiti mjini, hata mara moja kwa miezi miwili. Meza moja na msuluhishi mmoja vinatosha kuanzia.

Na wewe kijana wangu unayenisikiliza, usisubiri hayo. Kesho nunua daftari la kurasa 40. Andika tarehe uliyoanza kazi, jina la msimamizi, kila siku uliyoingia na kila malipo uliyopokea. Meseji za malipo ya simu usizifute. Ukiambiwa pumzika tutakupigia, andika tarehe. Ukiitwa tena, andika tarehe. Miezi ikizidi sita katika mwaka huo, omba likizo yako kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.